Asubuhi ya Karatasi, Jioni ya Majani

Uji ulikuwa bado wa moto. Liévin aliumimina kutoka kikombe kimoja cha bati kwenda kingine, akaurudisha, akaumimina tena, kwa sababu Tina hakukubali uji uliopoa wenyewe. Alitaka apozewe na baba yake, hivyo hivyo, uji ukishuka mrefu kama kamba naye akiucheka. Mtoto alikuwa hospitalini na mama yake tangu jana jioni. Alfajiri hiyo alikuwa amefungua macho, akalamba midomo iliyokauka, akasema, "Uji." Neno hilo moja lilimfanya Liévin akimbie kwa miguu kutoka hospitali hadi nyumbani kwake, mtaa wa Saio, akiwa na furaha aliyoogopa hata kuigusa.

Mama yake, Alphonsine, alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharagwe. Ndiye aliyemwona wa kwanza Ézéchiel, kijana wa jirani anayebeba watu kwa pikipiki, akipanda njia ya kwao. Mtaa mzima ulimjua Ézéchiel kwa honi yake. Alipiga honi akitoka, akirudi, akiona msichana, akiona mbuzi. Asubuhi hiyo alikuwa amezima injini tangu barabarani, akiisukuma pikipiki kwa mikono.

"Ézé," Alphonsine akamtania, "leo moto yako imekataa kutembea? Ama ni weye umekunywa essence yote ya tanki?"

Ézéchiel hakucheka. Alisimamisha pikipiki, akavua kofia ya sufu, akaishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili kama mtu anayeingia kanisani.

"Yaya Liévin," alisema, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Kuya twende."

"Ngoja kidogo, uji bado iko moto."

"Acha uji, yaya."

Maharagwe yalimwagika kutoka mapajani mwa Alphonsine. Alisimama, akashika mwimo wa mlango. "Ézé, mwanangu. Mutoto iko?"

Ézéchiel alitazama chini. Liévin aliweka vikombe viwili juu ya jiwe, polepole, akihakikisha kwamba havitaanguka. Kisha akaketi chini kwenye vumbi, pale pale alipokuwa amesimama, na ilibidi Ézéchiel amshike kwapani kumpandisha kwenye pikipiki.

Liévin alizaliwa Kpandroma, kule juu ambako asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya viazi mpaka jua liuchoshe. Baba yake alikuwa na nyumba mbili na wake wawili kabla hajabatizwa, na nyumba hizo zilitazamana. Mtoto yeyote aliyekulia pale alijifunza mapema kutobeba neno chungu kutoka jiko moja kwenda jingine. Liévin alijifunza zaidi ya wengine. Alilipunguza neno ukali njiani, akalifikisha likiwa limelainika. Wake hao wawili walizeeka pamoja bila kupigana hata siku moja, na watu wakasema ni kwa sababu ya yule mtoto.

Vita vilipofika, nyumba zote mbili zikateketea. Liévin alimshika mama yake mkono wakashuka milima, wakalala Iga Barrière katika darasa la shule pamoja na watu wasiohesabika, kisha wakafika Bunia wakiwa na sufuria moja na rozari moja. Alibeba matofali kwanza, akachanganya udongo, akajifunza kupima ukuta kwa uzi na jicho, na hatimaye akawa fundi wa kujenga anayetafutwa. Akamwoa Jeanine, binti wa wauza samaki kutoka upande wa ziwa, Mahagi, aliyemaliza shule ya sekondari na ambaye angekuwa mwalimu kama shule ingempatia kazi. Jeanine alipoteza mimba mbili. Tina akaja baada ya hizo. Alipobatizwa, Liévin alilia kwa sauti katikati ya misa, na wanakwaya wakamcheka mpaka wakapoteza sauti ya wimbo.

Katika shirika lao, yaani jumuiya ndogo ya wakristo wa mtaa, kila ugomvi uliletwa kwake. Kwaya ilipogawanyika kwa sababu nusu walitaka kuimba Kiswahili na nusu Lingala, Liévin alisikiliza pande zote mpaka zikachoka, kisha akasema beti ziimbwe Kiswahili na kiitikio Lingala. Wimbo ule ulikuwa mbaya kabisa, lakini hakuna aliyeondoka kwenye kwaya. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Hakumwangusha mtu. Kila mmoja alirudi nyumbani na kipande chake.

Nyumbani kwake mwenyewe, ugomvi ulikuwa mmoja tu, nao ulikuja kila Tina alipougua.

Alphonsine alizaa watoto wanane milimani, ambako zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima. Sita walikua. Aliwakuza kwa majani ya mubirizi, machungu kama nyongo, aliyoyachemsha na kuwanywesha. Kwa mafuta ya mawese kifuani wakati wa kikohozi. Na zaidi ya yote kwa lavema, ile dawa ya kuosha tumbo kwa chini kwa mpira mwekundu wenye umbo la avoka na mdomo mwembamba. Homa, kuhara, kukosa choo, kulia bila sababu, jibu lake lilikuwa maji ya uvuguvugu yenye majani, mtoto akilazwa kifudifudi juu ya mapaja. Hakuna nyumba ya mtaa huo isiyokuwa na mpira wa lavema umetundikwa msumarini.

Jeanine aliamini karatasi ya muuguzi. Dawa iliyoandikwa saa fulani aliitoa saa hiyo, na kama Tina alilala alimwamsha. Naye pia hakuwa sahihi kila siku. Mwaka mmoja mtoto alipopata mafua tu, Jeanine alinunua vidonge vya rangi mbili kwa mwuzaji wa barabarani, na Tina akatapika siku mbili. Wakati mwingine mtoto alihara, Alphonsine akampa maji ya wali yenye chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko, na Brigitte mwenyewe, muuguzi wa kituo cha afya, alimsifu bibi huyo: "Huyu koko amefanya vizuri kuliko wamama wa siku hizi." Alphonsine aliishi kwa sifa hiyo miezi mizima.

"Siye tulikomea mpaka tukawa wakubwa bila karatasi," alipenda kusema.

"Na wale wawili waliokufa, mama mukwe?" Jeanine aliwahi kumjibu. "Nao walikomea?"

Jibu hilo lilizima moto jikoni kwa juma zima. Ndipo Liévin alipotoa hukumu yake. "Asubuhi itakuwa ya karatasi," alisema, "na jioni itakuwa ya majani. Mama Tina atafuata Brigitte, Mama atafuata majani yake, na hakuna mutu atatukana mwenzake mbele ya mutoto." Wote wawili walikubali. Tina alipona kikohozi kwa mpango huo, akapona minyoo, akapona homa mara mbili, na kila mara kila mwanamke aliamini kimoyomoyo kwamba ni dawa yake. Liévin aliwaacha waamini. Aliona fahari ndogo, na alimshukuru Mungu kwa amani ya nyumba.

Msimu huu wa mvua homa ilikuja vingine. Siku ya kwanza mtoto alikataa kucheza. Siku ya pili sirop ya malaria ilirudi mara tu alipoimeza, na mubirizi pia ukarudi. Siku ya tatu shingo yake haikutaka kubeba kichwa. Asubuhi hiyo Jeanine alimfunga mgongoni, na Liévin akaacha ukuta wa mtu ukiwa nusu, wakaenda wote wawili kwa Brigitte.

Kituo kilijaa akina mama kwenye mabenchi. Brigitte alikuwa mwanamke wa maneno makali na moyo mzuri, na watu waliyasikia maneno kabla ya kuuona moyo. Wiki iliyotangulia alikuwa amemsimamisha mama mmoja mbele ya wote akamuuliza kama tumbo la mtoto ni sufuria ya kusugua. Kila mtu alikumbuka. Kwa hiyo alipochukua tone la damu la Tina, akatazama ndani ya kope zake zilizokuwa nyeupe kwa kukosa damu, na kuuliza, "Mumemupiga lavema?" Jeanine alijibu haraka, "Hapana." Lilikuwa jibu la kweli. Brigitte alisema, "Muzuri," na hakuongeza neno juu ya jambo hilo, kwa kuwa hakuona haja.

"Malaria imekuwa kali," aliwaambia. "Dawa ya kinywa haikai tena. Nitamuwekea supo." Alimlaza mtoto, akaiingiza kwa chini ile dawa ndogo yenye umbo la risasi, akamfinya matako yaliyokonda na kuyashikilia muda mrefu. "Hii ni ya kumushika njiani tu, munasikia? Itaingia mu damu polepole. Hospitali ndiyo itamuponya. Muende sasa hivi. Sisemi jioni, sisemi kesho."

Walikubali. Walitoka wakiwa na nia ya kwenda. Lakini mtu haendi hospitali Bunia akiwa na mikono mitupu. Ni lazima sufuria, kikwembe cha kulalia, chupa ya chai, na mtu wa kubaki na mgonjwa. Nyumba ilikuwa njiani. Wakapita.

Alphonsine aliweka kiganja juu ya tumbo la mjukuu wake, akalibonyeza, uso wake ukabadilika. "Tumbo imevimba sawa ngoma. Huyu mutoto hajaenda choo tangu juzi. Munampeleka hospitali na uchafu yote ndani? Kule watamuchoma sindano tu. Homa iko mu tumbo, Liévin. Nilizaa munane. Unajua."

"Brigitte alisema sasa hivi," Jeanine alisema, akifunga sufuria katika kikwembe.

"Brigitte ana batoto ngapi?"

"Mama mukwe, nakuomba. Leo hapana."

"Leo ndiyo!" Sauti ya Alphonsine ilipasuka. "Mimi nilizika wawili juu ya kungojea njia ndefu. Sitaangalia wa tatu akipanda moto na tumbo imefungwa."

Wote wawili walimgeukia Liévin. Alikuwa amesimama katikati ya chumba na mtoto mikononi, akihisi joto lake likipenya shati. Aliona macho ya mama yake yamejaa machozi. Aliona taya la mke wake limekaza. Akafanya kile alichokuwa akifanya maisha yake yote.

"Fanyeni yote mbili," alisema. "Lavema kidogo, haraka, halafu twende."

"Baba Tina, hapana," Jeanine alisema.

"Ni dakika kidogo tu."

"Nimesema hapana. Twende."

"Mama Tina, sikiliza. Mama atachemsha, weye ndiye utapiga. Mikono yako mwenyewe. Hakuna mutu atasema alisukumwa pembeni."

Alipanga kazi hivyo ili kila mmoja awe na sehemu yake. Maji yalichemka, yakapozwa, majani yakachujwa. Jeanine, huku akiuma mdomo, alimlaza binti yake juu ya mapaja na kuubana mpira mwekundu mpaka ukaisha maji. Baada ya muda mfupi kila kitu kilitoka kwenye beseni, maji ya kijani na choo, na tumbo likalegea. Tina alitokwa na jasho. Ngozi yake ikapoa. Akalala usingizi ulioonekana mzuri.

"Munaona?" Alphonsine alisema kwa sauti ndogo, bila kujivuna, akipangusa macho.

Hata Jeanine alipumua. Mvua kubwa ikaanza, njia ya kushuka ikawa mto wa udongo mwekundu, na mtoto alilala kwa utulivu kiasi kwamba ilionekana kama dhambi kumwamsha na kumlowesha. Wakasema wangoje mvua ipite. Mvua ilipita. Wakasema aamke kwanza.

Aliamka jioni kwa kutetemeka mwili mzima, macho yakiwa yamegeukia juu. Ézéchiel aliwabeba wote kwa pikipiki moja, akipiga honi bila kuachilia mpaka langoni.

Walimpokea bila kungoja. Jeanine aliingia na mtoto, na Liévin akabaki kwenye korido na daktari, Katsuva, mtu mwenye umri wake, mwenye macho mekundu ya kutolala. Daktari alikuwa akiandika amesimama.

"Alipewa nini leo, papa?"

"Supo. Saa sita, ku kituo."

"Na nini tena?" Liévin alitazama mlango alioingilia Jeanine. "Sema tu. Mimi sigombezi mutu."

"Lavema."

"Mbele ya supo ama nyuma?"

"Nyuma."

"Nyuma ya muda gani?"

"Muda wa kufika nyumbani na kuchemsha maji."

Kalamu ilisimama. Daktari alitazama ukuta kidogo, kama anayesoma kitu pale. "Basi dawa ilitoka na maji," alisema. Kisha, kwa kuwa aliona uso wa aliye mbele yake, aliongeza: "Sijui kama ingetosha, papa. Damu yake imeisha sana, na munamuleta jioni. Siwezi kukuambia ingetosha. Lakini ilitoka." Akamshika bega, akaingia kwa mgonjwa.

Hakuna mwingine aliyeyasikia maneno hayo. Mtoto alitundikiwa damu, na karibu na mapambazuko akaomba uji. Nyuma ya mgongo wa baba yake, wakati uji ukipozwa Saio, Tina alikata pumzi mikononi mwa mama yake.

Kufikia adhuhuri lupango, yaani ua wa nyumba yao, lilijaa watu. Wanaume waliketi chini ya turubai upande mmoja, wanawake ndani pamoja na Jeanine aliyekaa kwenye godoro akiwa amenyoosha miguu, bila kilemba. Dirisha la chumba hicho halikuwa na kioo, na kila neno la nje liliingia. Alphonsine alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka karibu na jiko. Hakuna aliyemfukuza pale, ila nafasi iliyomzunguka ilikuwa pana kuliko inavyostahili katika kilio.

Mwili ulikuwa ukingojewa kutoka hospitali. Gustave, kaka mkubwa wa Jeanine, muuza samaki wa soko kuu, alisimama.

"Bokilo," alimwambia shemeji yake Liévin, "mimi sikuya hapa kupigana. Nauliza tu. Dada yangu alipoteza mimba mbili mu hii nyumba. Leo Tina. Na kila mara, ni mukono ya nani inachemsha majani?" Watu waliguna. "Mu hii lupango kuna mutu anakula batoto. Mimi sitamutaja. Lakini atoke mbele mwili haijaingia. Kama hatoki, siye tutabeba mutoto wetu, tutamuzika kwetu."

"Gustave, chunga kinywa," mtu mmoja alisema, lakini kwa sauti ya chini.

"Nichunge ya nini? Imebaki nani wa kuchunga?"

Watu waliosikia neno kama hilo mtaani wanajua linakoishia. Mwanamke mzee akiitwa mlozi siku ya kilio, siku ya pili hanunuliwi mboga, siku ya tatu vijana hupita na mawe. Alphonsine alilijua hilo kuliko wote. Hakujitetea. Alikuwa akitazama mikono yake.

Evariste, katekista na mkubwa wa shirika, alimsogelea Liévin, akainama sikioni kwake. "Ndugu yangu, weye ndiye unajuaka kutengeneza maneno. Mama aende kwa jirani kidogo tu, mpaka tuzike. Hakuna mutu atasema mulozi. Gustave atatulia, nyuma mama atarudi. Tuzike mutoto kwa amani."

Ilikuwa hukumu nzuri. Liévin aliitambua kama mtu anavyotambua sauti yake mwenyewe. Gustave angepata kipande chake, mama angepata chake, na yeye Liévin hangelazimika kusema lolote. Alphonsine alikuwa ameshaanza kukunja mkeka. "Ni sawa, mwanangu," alisema. "Nitaenda. Usiumie."

Liévin alitazama dirisha. Nyuma yake alikuwa mke wake, aliyesikia kila neno. Kama angenyamaza, mama yake angetoka lupangoni akiwa mlozi, na asingerudi tena akiwa mtu. Kama angesema, Jeanine angejua yaliyofanywa na mikono yake mwenyewe. Hapakuwa na nusu. Aliitafuta, kwa mazoea, na hakuiona.

"Mama, keti," alisema.

Akasimama katikati ya watu. Aliongea polepole, bila kuinua sauti, na watu walilazimika kunyamaza ili wasikie.

"Brigitte aliweka dawa ku chini. Alisema twende hospitali sasa hivi. Tulipita hapa. Mama yangu aliomba lavema, kwa sababu ndivyo alivyojua kumupenda mutoto. Mama Tina alikataa. Alikataa mara mbili. Mimi nilisema ifanyike. Docteur aliniambia ile maji ilitoa dawa. Hakuna mulozi hapa, Gustave. Kama unatafuta aliyeharibu, ni mimi. Nilitaka kila mutu atosheke."

Kisha sauti ikatoka dirishani, kavu, isiyokuwa na kilio.

"Docteur alisema hivyo?"

"Ndiyo, Mama Tina."

"Lini?"

"Jana. Ku korido."

"Na ulikaa na mimi pale usiku yote."

"Ndiyo."

"Basi ni mimi niliitoa," Jeanine alisema. "Ni mimi nilibana mpira."

"Hapana. Weye ulikataa. Ni mimi nilisema."

"Ulisema. Na mimi nilifanya."

Wanawake walimshika. Alphonsine aliweka kitambaa kinywani, na mabega yake yakaanza kutikisika, kwa kuwa hata yeye hakuwa amejua mpaka dakika hiyo. Gustave alitafuta kiti, akaketi na kuinamisha kichwa baina ya magoti, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto. Evariste akaanzisha rozari, na watu, wakishukuru kupata maneno ya kusema, wakaitikia.

Sanduku lilifika saa nane. Lilikuwa dogo, la mbao, na rangi nyeupe ilikuwa bado inanata vidoleni. Wakaliweka juu ya meza mbele ya mlango. Tina alikuwa amevishwa gauni la ubatizo lililotolewa na dada mmoja wa parokia, kwa kuwa lake mwenyewe halikumtosha tena. Watu walipita mmoja mmoja. Jeanine alikuja akishikwa pande mbili, akamnyoosha mtoto nywele, akamfunga kifungo cha shingoni kilichokuwa wazi. Alphonsine alingoja mpaka wote wamekwisha kupita. Alipokaribia, Jeanine aligeuza uso, lakini hakuondoka na hakumzuia. Bibi akagusa miguu ya mjukuu wake, akarudi nyuma.

Walimpeleka kwa gari la mfanyabiashara wa mtaa, watu wengine wakifuata kwa miguu na kwa pikipiki. Njia ilikuwa na utelezi. Makaburini Evariste alisoma sala za maziko, kwa kuwa padri alikuwa na mazishi mengine upande wa pili wa mji. Kwa sanduku dogo namna hiyo hakuna haja ya kamba. Mtu mmoja hushuka na kulipokea. Liévin alivua viatu, akashuka mwenyewe. Gustave ndiye aliyempa sanduku kutoka juu. Alilipokea, akalilaza, akalisogeza mpaka likakaa sawa, kisha akainua mikono wakamvuta.

Jeanine alitupa udongo wa kwanza, Liévin wa pili. Evariste alimwita Alphonsine kwa jina, naye akaja akatupa wake. Wengine wakafuata. Vijana walichukua majembe wakajaza kaburi, wakalipiga kwa mgongo wa jembe, wakasimika msalaba wenye jina la mtoto. Waliimba wimbo mmoja. Kisha watu walinawa mikono kwenye ndoo iliyokuwa kando ya njia, wakarudi nyumbani. Jeanine alipanda gari pamoja na kaka yake. Liévin na mama yake walirudi kwa miguu.